Yaya, mwezi huu tuangalie filme gani?

Binti mumoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ananiandikia hivi: «Yaya, tuko kikundi cha bavijana, siku ya posho mangaribi tunakutanaka mu lupango ya tantine, tuko na projekteri ya kuazima ku parokia na shuka nyeupe ku ukuta. Kila mwanzo ya mwezi minaona liste za filme zenye zitatoka, minazitamani zote, lakini hakuna ata moja yenye tunaona kwa wakati yake, na zenye zinafika kwetu ni zile zile za kupigana na za mapepo. Wewe unasemaka eti kuko filme nzuri zenye zilitupita bila kuzijua. Zipi? Na ile kalenda ya kila mwezi tuisome namna gani?»

Mudogo yangu, uliuliza mambo mbili. Nitaanza na kalenda juu ile ni fupi, kisha tuingie ku filme zenyewe na pale nitakawia, utanivumilia.

Ile liste unaonaka kila mwanzo ya mwezi haikuandikwa juu ya mutu ya Katuba, tukubaliane hapo kwanza. Ni liste ya sale za Paris, za Bruxelles na za New York. Ufaransa filme mpya zinatokaka siku ya tatu, Marekani siku ya tano, na Ufaransa peke yake kwa mwaka moja zinatoka filme zaidi ya 600, sasa piga hesabu, kila wiki zaidi ya kumi mpya zinaingia na zile za wiki iliyopita bado ziko ku mulango. Siku ya kwanza benye sale banaangalia tiketi zenye ziliuzwa posho na yenga, ile yenye haikujaza viti inatolewa, ao banaiachia saa moja tu ya kuonyeshwa, saa yenye batu bako ku kazi. Hapo hakuna mutu anauliza kama filme iko nzuri ao mubaya. Filme ya franga kidogo, bila star, yenye batu banaongea Kiswahili ao Kibemba, inapewa wiki mbili, ikibahatika tatu, na liste ya mwezi mwingine inakuja kuifuta mu vichwa.

Angalia Makala ya Emmanuel Gras, yenye ilipigwa pembeni ya Kolwezi. Ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes, ile festivali kubwa ya filme ya Ufaransa, mu Mei 2017, ikangoja mpaka mwanzo ya Desemba juu iingie mu sale za Ufaransa, na katikati ya ile ile Desemba Star Wars mpya ikatua, kwisha maneno. Augure ya Baloji, mutoto wa Lubumbashi, ilipata zawadi Cannes 2023 na ikatoka mu Novemba ya ule mwaka, mwezi moja na Napoléon ya Ridley Scott. Hazikupotea juu ziko mbaya, zilipotea juu ya tarehe.

Kwa hiyo kalenda uisome kwa kurudi nyuma. Liste ya mwezi huu iandike mu daftari na uiache ilale. Kisha chukua liste ya mwezi huu huu ya mwaka jana, toa zile kubwa zenye kila mutu anaisha kuziona, na uangalie zenye zilibakia chini: zile njo zinaanza kupatikana sasa. Juu filme iko na njia yake. Inaanza ku festivali, miezi kisha inaingia mu sale, kisha inakodishwa ku intaneti (Ufaransa kawaida ni miezi minne kisha kutoka mu sale), kisha televizio na majukwaa ya abonema. Makala ilitembea miezi saba kutoka Cannes mpaka mu sale, na ile ni Ufaransa kwenyewe, sasa wewe wa Katuba ukiipata kwa njia ya haki mwaka unaofuata usilie, uko ndani ya wakati. Bale banajisifu eti banaiona mbele, ni ile yenye bananasaka na telefone ndani ya sale, sauti sawa mutu anaongea ndani ya ndoo, na mutu anapita mbele kwenda ku choo.

Miezi ya kufuata, kwako wewe, ni ile ya festivali, si Julai wala Desemba. Ni mwisho ya Januari na mwanzo ya Februari juu ya Rotterdam, Februari juu ya Berlin, mwisho ya Februari kuingia Machi juu ya FESPACO, ile festivali ya filme za Afrika kule Ouagadougou (ile haiko kila mwaka, 2023 ilikuwa, 2025 ilikuwa, unaelewa vile inarukaka), Mei juu ya Cannes, Septemba juu ya Venise na Toronto, na Novemba juu ya IDFA kule Amsterdam, ile ni ya dokimanteri. Na ukisoma liste ya Cannes usikomee ku ile mashindano kubwa yenye iko na Palme d'or. Shuka chini, soma Un Certain Regard, soma Quinzaine, soma Semaine de la Critique, juu filme zetu banaziwekaka kule pembeni. Ile tabia ya kutuweka pembeni iko na masapo yake, si ya leo.

Kuko na ujanja ingine. Studio kubwa zinajiwekea tarehe mbele sana, mufano mu 2026 The Odyssey ya Christopher Nolan ilitangaziwa tarehe 17 Julai, na Avengers: Doomsday pamoja na Dune ya tatu zote zikatangaziwa siku moja, 18 Desemba. Ukiona tarehe ya namna ile, angalia wiki mbili mbele yake na wiki mbili nyuma. Pale njo filme ndogo zinazikwa. Andika majina yake yote bila kuchagua, ata kama haujui realizateri (mwenye alipiga filme) ni nani, na mwaka unaofuata utakuwa na liste yenye hakuna mutu mwingine iko nayo mu Katuba muzima.

Kalenda inatosha. Filme sasa.

Nitaanza na ile Makala, juu inaniuma vile batu bamingi ya hapa habaijui na wakati inaongewa Kiswahili chetu, kile kile cha hapa, munaweza kuiangalia bila kusoma ata herufi moja ya chini. Ni dokimanteri ya saa moja na nusu hivi. Kuko kijana mumoja, Kabwita, anaikala mu kijiji pembeni ya Kolwezi na bibi yake na batoto. Anachukua shoka anaenda kuangusha muti mukubwa, anaukata, anaufunika na udongo, anauchoma siku na siku, kisha anapakia magunia ku kinga, magunia yanapita kimo chake, na anaanza kusukuma, kilometa karibu 50 mpaka Kolwezi. Njo filme yote. Unajisemea itachosha, hapana. Motokari kubwa zinamupita na vumbi, ku baryeri banamukamata banamutosha kitu mbele apite, akifika mu muji bamama banamupunguzia bei mpaka unataka kulia na yeye. Kuko fasi moja anaenda kuuliza bei ya manjanja ya kufunika nyumba yake, anahesabu mu kichwa, na uso yake tu inakuonyesha ni safari ngapi zingine za kinga atafanya mbele nyumba ifunikwe. Mwisho wanamupeleka mu maombi ya usiku na ile sitasema.

Sasa mimi niko na neno langu kidogo ku ile filme. Muziki ya selo yenye baliwekamo, fasi zingine inatuambia tuhurumie wakati tulikuwa tunaisha kuhurumia bila kuambiwa. Na jambo lingine, kamera inamufuata mutu anasukuma muzigo ule wote na kamera haisaidii kusukuma. Mukimaliza kuangalia, acheni projekteri ipoe na mubishane juu ya ile. Kuko batu bataona ni heshima, filme inamupa Kabwita ukubwa wenye hakuna gazeti litamupa, na kuko batu bataona ni mzungu anaangalia mateso yetu tu. Mimi niko zaidi ku upande wa kwanza, lakini si kwa miguu yote mbili.

Ya pili ni Empire of Dust, ya Bram Van Paesschen, Mubeleji, mwaka 2011. Ile unaisha kuiona bila kujua, juu vipande vyake vinazungukaka ku telefone: Muchina mumoja, Lao Yang, anafokea Mukongomani kwamba Babeleji balibaachia kila kitu na bakaacha kioze. Vile vipande batu banavitumia kutucheka, na batu bengi bananichukia pale ninasema eti filme yenyewe iko ya haki. Lakini iko ya haki. Kampuni ya Bachina ilipewa kazi ya kutengeneza barabara ya Kolwezi mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 300, na Lao Yang iko na kazi ya kutafuta bintu: mawe, mchanga, motokari, bafanyakazi. Pembeni yake kuko Eddy, Mukongomani yenye anaongea Kichina sawasawa, njo mutafsiri yake. Ukiangalia vipande vya ku telefone unaona tu Lao Yang anakasirika. Ukiangalia yote unaona Eddy. Unaona vile anamuacha patroni amalize hasira yake, vile anageuza maneno kidogo juu pande zote mbili zisipigane, vile anacheka na macho wakati mudomo unabakia ya heshima, na unaona pia Lao Yang mwenyewe iko mubali na kwao, amechoka, anafunga biashara na batu benye bako na akili kumupita. Ku Lubumbashi hakuna nyumba yenye haina ndugu kama Eddy. Muikamate muizima muiwashe, ile si filme ya Bachina na Bakongomani, ni filme ya mutu yenye anasimama katikati na analipwa juu ya kusimama pale.

Ule Van Paesschen mbele yake, mu 2008, alipiga ingine na bakrezeri (bale banachimbaka madini na mikono), jina yake yote iko mu Kiswahili ya Katanga, Pale Peko Bantu Mambo Ayikosake. Ngumu kuipata. Ukiisikia fasi inaonyeshwa, enda. Ile Katanga Business ya Thierry Michel (2009), yenye iko na Moïse Katumbi bado gavana, na Forrest, ule tajiri wa migodi, na bakrezeri, ile baba yenu banaisha kuiona, siiweke mu zenye zilitupita.

Lakini kuko moja ya dakika kumi tu yenye ingepashwa kuonyeshwa mu kila shule ya hapa: Machini, ya 2019, ya Frank Mukunday na Tétshim, bana-Lubumbashi babili. Ni katuni, lakini si katuni ya kompyuta, bo banasogeza vijiwe na choki kidogo kidogo na wanapiga picha moja moja mpaka vinatembea. Batu ni mawe. Muji ni choki. Na viwanda vinakula muji. Hakuna maneno mengi ya kusema juu yake, ni ya kuangalia, ukimaliza utatoka inje uangalie moshi na mulima wa takataka za kiwanda na macho ingine. Bazungu banaionyesha ku festivali zao, sisi tunapita mbele ya ule mulima kila siku na hatujaiona.

Augure sasa. Baloji alizaliwa hapa Lubumbashi mu 1978, akakulia Ubeleji, batu bamingi banamujua ku muziki. Hii njo filme yake ndefu ya kwanza, ilipewa zawadi ya sauti mpya mu Un Certain Regard, na Ubeleji wakaituma ku Oscar kwa jina yao, fikiria wewe mwenyewe. Kipande yake ilipigwa Kinshasa, kipande hapa kwetu. Mutu anaitwa Koffi, amezaliwa na alama ku uso, familia yao balisemaka ni ya shetani, bakamutupa Ulaya. Anarudi na bibi yake mzungu mwenye mimba juu ya kutoa mahari, na damu inamutoka mu pua ikamwangukia mutoto ya dada yake mikononi. Basi, kila kitu kinaharibika. Marc Zinga njo anacheza Koffi, ule ni wa Likasi. Lakini mimi si Koffi njo ananishika, ni bale bengine watatu, juu filme inagawanyika ku batu bane: kuko Paco, mutoto wa barabara mwenye kundi yake banavaa marobe ya pinki, kuko Tshala, dada, Eliane Umuhire ya Rwanda anamucheza muzuri kupita, na kuko mama, Mujila. Mama yule unamuchukia saa nzima, kisha filme inakupeleka ndani yake na unabakia bila maneno. Nitasema ukweli, katikati filme inachanganya, bintu ni bingi, rangi, mavazi, ndoto, mutu yenye anapenda hadithi iende sawa atanung'unika. Muambie atulie. Na muangalie ku ekrani kubwa, shuka yenu ya ku ukuta inatosha, lakini si ku telefone, ku telefone ile filme inakufa.

Na wakati muko pale mu mambo ya kushitakiana bulozi, muvuke mupaka. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa ni karibu, Zambia tunaendaka kununua unga na kila kitu, lakini filme zao hatuzichukue. Rungano Nyoni alizaliwa Lusaka, akakulia Wales, mu 2017 akatoa I Am Not a Witch. Katoto ka mwanamuke, ka miaka nane ao tisa, kananyooshewa kidole eti ni mulozi, kanapelekwa mu kambi ya bamama balozi, na pale kila mumoja anafungwa na utepe mureefu mweupe ku mugongo juu asiruke, ukikata utepe utageuka mbuzi. Kuna kucheka mingi mule, nisikudanganye, ile bwana ya serkali anaye mupeleka kila fasi kama biashara yake, tunamujua, hapa pia beko. Ilishinda BAFTA (zawadi ya filme ya Uingereza) ya mwanzo bora mu 2018. Kisha mu 2024 akaleta On Becoming a Guinea Fowl, akapewa zawadi ya realizateri bora mu Un Certain Regard, pamoja na mwingine. Inaanza usiku, mwanamuke anaendesha motokari, anatoka ku fete, amevaa ajabu, anakuta maiti ya mujomba yake katikati ya barabara. Na yeye halii. Filme yote ni kilio, siku za kilio, bashangazi wanalalia ku mukeka, kupika, kushitaki mujane, kuhesabu nani alileta nini, na chini ya ile yote kuko jambo yenye mujomba alifanyiaka batoto banamuke ya familia na kila mutu anajua na hakuna mutu anasema. Nimeangalia filme nyingi juu ya kilio, hakuna yenye inajua vile bamama banaweza kukupenda na kukunyamazisha mu saa moja. Mu kikundi yenu lazima kuko benye banasikia Kibemba, ba Kasenga, ba Sakania. Bale wakae mbele na watafsirie bengine, munaona, itakuwa mara ya kwanza mutafsiri iko mu lupango na si ku Paris.

Dieudo Hamadi ni wa Kisangani, na kwangu mimi njo anaangalia Kongo bila kuifunga bendera. Anza na Examen d'État, 2014: banafunzi wa Kisangani bafukuzwa ku masomo juu habakulipa prime ya bamwalimu, wanajipangia nyumba moja, wanaikala kule pamoja kusoma usiku, na mambo yote yenye unajua yanapitaka mbele ya egzamen, maombi, vitu vya kunakili, uwoga. Mwenye alifanyaka ile egzamen hatakaa kimya. Kisha Maman Colonelle, 2017, mama polisi anatoka Bukavu anahamishwa Kisangani, kazi yake ni batoto na banamuke benye walitendewa mabaya, hana ofisi ya maana, hana franga, anafanya. Na En route pour le milliard, ya 2020. Mu Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, batu walikufa, bengine walibakia bila miguu, bila mikono. Miaka inapita hakuna malipo. Wanapanda boti, na magongo yao, wanashuka muto mpaka Kinshasa kudai. Ile filme ilichaguliwa Cannes 2020, ya kwanza ya Kongo yetu mu liste rasmi, na ule mwaka Cannes haikufanyika juu ya Covid. Walipewa jina bila sherehe. Kama unatafuta filme yenye ilipita bila bahati, anza pale. Muambie tu bale ya roho nyepesi, miili inaonekana vile iko, hakuna kufichwa.

Za zamani nipite haraka. Mweze Ngangura ni mutoto wa Bukavu, kila mutu anajua La Vie est belle juu ya Papa Wemba, ni ya 1987, lakini Pièces d'identités batu hawaijui na ile njo ilichukua Étalon, zawadi kubwa ya FESPACO, mu 1999: mufalme muzee anaenda Bruxelles kutafuta binti yake, na heshima yote anakuwa nayo kwao inafikia kuwekwa rehani. Inachekesha, familia muzima inaweza kuikala pale. Le Damier ya Balufu Bakupa-Kanyinda, 1996, dakika 40 nyeupe na nyeusi, rais hana usingizi anaitisha shampioni ya dama juu acheze naye, na mwenye kucheza dama muzuri lazima amutukane mwenzake, sasa utamutukanaje rais? Batoto wakiwa bengi siku ile, wekeni Supa Modo ya Kenya (2018), Kiswahili, kasichana kagonjwa kanataka kuwa shujaa na kijiji muzima kinamupigia filme. Muwe na kitambaa.

Kupata kwa haki: TV5MONDEplus ni ya bure, haina abonema, filme za Afrika ziko pale na zinabadilika, pita kila wiki uangalie. Picha, bale ya biennale (maonyesho ya sanaa ya Lubumbashi, kila miaka mbili) tangu 2008, wakiwa na onyesho fika, kule njo bale ba Machini na bakina Sammy Baloji (mupiga picha, si ule wa Augure) wanatokeaka. Na enda Halle de l'Étoile (njo Institut français ya hapa Lubumbashi), muongee sawa kikundi, si mutu mumoja mumoja, muulize juu ya Cinémathèque Afrique: ni liste ya filme za Afrika zenye Institut français inatoaka juu ya maonyesho bila biashara. Museme wazi kama hamulipishe mulango. Mukianza kulipisha, ata franga kidogo, mambo ya haki inabadilika.

Na sauti, mudogo yangu, tafadhali. Batu wanatumia franga yote ku picha na sauti inatoka ku ka baffle ka telefone. Azima baffle ya kwaya. Picha ikiwa hafifu batu watavumilia, sauti ikiwa mubaya watatoka.

Ningekuwa ninyi, posho ya kwanza ningeweka Machini mbele, kisha Makala, zote mbili hazipiti saa mbili na mutabakia na muda ya kubishana. Ya pili Pièces d'identités juu bazazi na majirani wakuje na waone hamufanye mambo mubaya mule. Ya tatu Empire of Dust. Kisha Augure, wiki inayofuata I Am Not a Witch, mufululizo ule unasaidiana. Guinea Fowl muiangalie bakubwa peke, batoto walale, na muongee kisha, usiruhusu batu watawanyike mbio, juu unaweza kukuta kuko mutu mu kikundi ile hadithi inamuhusu.

Kuko moja bado, Soundtrack to a Coup d'État ya Johan Grimonprez, 2024, yenye ilifika ku mashindano ya mwisho ya Oscar ya dokimanteri: Lumumba, Umoja wa Mataifa, Katanga ya Tshombe, na bapiga jazz wa Marekani benye walitumwa Afrika wapige tarumbeta wakati bengine wanapanga kuua. Louis Armstrong alifika hapa hapa, Élisabethville, mu Novemba 1960, waulize bazee. Filme inakwenda mbio, maandishi ni mengi ku ekrani, muziki haunyamazi, kwa hiyo kuko lazima mutu mumoja aisome mbele na akae na kipaza sauti. Ile muiache mpaka mupate betri ya kuaminika, ni saa mbili na nusu, na umeme ukienda katikati hakuna mutu atakumbuka nani alikuwa anasaliti nani.